Swali la Saba

Katika shule ya sekondari ya kata iliyo kando ya barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi, mwanamke aitwaye Yudith amekuwa akichapa orodha kwa miaka kumi na tisa. Amechapa orodha za wanaopokewa na za wanaofukuzwa, za madawati, za zamu za walimu, za waliofaulu na za waliokatiwa tamaa, na hakuna hata moja iliyopata kutoka mikononi mwake ikiwa na kosa la herufi. Hilo hujivunia kimyakimya, kwa maana hana mengi mengine ya kujivunia. Kiti chake kina mguu uliofungwa kwa waya, na walimu waliozaliwa yeye akiwa msichana mkubwa humtuma maji ya chai.

Alizaliwa Kimamba, katika nyumba za kambi ya mkonge. Babu yake aliletwa kutoka Urundi kama manamba, akakata mkonge hadi mgongo ukapinda. Baba yake naye akakata mkonge uleule katika mistari ileile. Yudith alipokuwa kidato cha pili alikuwa wa nne katika kemia kati ya wanafunzi tisini, naye alikuwa na tabia ya kunusa chupa za maabara kama mpishi anusavyo mchuzi. Mwaka uliofuata akajikuta kwenye sayansi kimu, akijifunza kushona pindo na kupika keki kwa jiko ambalo kwao halikuwapo. Watoto wote wa kambi walipangwa huko. Mkuu wa shule aliyosoma alieleza kwamba watoto wa kambi huhama ovyo, na si busara kuwapotezea kemikali. Hakuna aliyehama. Mkonge wenyewe ulikufa, mashine zikaota kutu, wao wakabaki palepale wakilima mahindi kati ya visiki. Yudith akaenda Morogoro kujifunza uchapaji, akaolewa na fundi wa magari ambaye karakana yake iko Mikumi kando ya barabara kuu, akazaa binti mmoja, Anitha, na habari ya kemia hakuitaja tena kwa mtu yeyote.

Mwezi wa Novemba mwaka jana, mwalimu wa taaluma alimletea karatasi ya kuchapa. Jina lake ni Goodluck, kijana wa miaka thelathini na minne, mtanashati, mwepesi wa kucheka, hodari wa kuandika mipango kwa rangi tatu. Karatasi ilikuwa rasimu ya fomu ya mzazi. Shule ilitaka kuwagawa wanafunzi waliokuwa wakimaliza kidato cha pili: wengine sayansi, wengine sanaa. Maabara ina viti thelathini na sita, na mchepuo wa sayansi haupokei mtu asiye na kiti. Zingetazamwa alama za upimaji, alisema Goodluck, kisha fomu hiyo ingeonyesha uwezo wa familia kuchangia vifaa.

Fomu ilikuwa na maswali tisa. La saba liliuliza idadi ya watoto walio hai katika familia. La nane liliuliza idadi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, iliandikwa kwamba fomu isiyojazwa kikamilifu haitashughulikiwa.

Vidole vya Yudith vilisimama kwenye swali la saba. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, huko Kimamba, alimwuliza mama wa Kimaasai aliyewauzia maziwa ana watoto wangapi. Yule mama alifunga kibuyu chake, akageuka bila kumjibu, na wiki nzima hakupita tena mlangoni kwao. Yudith alichapwa kofi, ndipo akaelezwa: kwa wafugaji, kumhesabia mtu watoto wake ni kukionyesha kifo mlango. Mfugaji hutazama zizi jioni na kujua yupi hayupo, kwa rangi yake na kwa pembe zake, wala hahitaji tarakimu. Watoto nao huwajua vivyo hivyo, mmoja mmoja, kwa jina.

Alijua, basi, kwamba lile swali halitajibiwa na familia za wafugaji wa bondeni. Angeweza kusema. Lakini ilikuwa saa kumi jioni, pikipiki ya kumpeleka nyumbani ilikuwa imekwisha fika, na yeye aliajiriwa kuchapa, si kushauri. Mkono ukaendelea. Fomu ikatoka safi, bila kosa la herufi.

Zilirudi fomu mia moja na kumi na nane. Baadhi ya fomu za watoto wa wakulima zilikuwa na mapengo: huyu hakuweka sahihi, yule aliruka swali la tano, mwingine aliacha ukurasa mzima wa pili. Goodluck alimpa Yudith namba tisa za simu, akamwagiza awaite wazazi waje kukamilisha. Wakaja, wakakamilisha, wakapewa na chai. Fomu saba za watoto wa wafugaji, zote zikiwa na alama ya dole gumba na zote zikiwa tupu kwenye swali la saba na la nane, ziliwekwa katika faili la kijani, nalo likaingizwa kabatini. Yudith alidhani watapigiwa simu baadaye. Hakuuliza ni lini. Huo ulikuwa unyamavu wake wa pili.

Matokeo yalipotoka Januari, alichapa kwanza alama zote kwa mpangilio, kutoka wa kwanza hadi wa mia moja na kumi na nane. Anitha, binti yake, alikuwa wa arobaini na tatu. Siku mbili baadaye Goodluck akamletea orodha ya mchepuo wa sayansi, na jina la mwisho, la thelathini na sita, lilikuwa la Anitha.

Furaha ndiyo iliyomjia kwanza. Hilo lazima lisemwe, kwa maana yeye mwenyewe halifichi. Alichapa jina la mwanawe polepole kuliko mengine, akalitazama kwenye kompyuta kama mtu atazamavyo kitenge kipya. Ndipo kichwa kilichozoea orodha kikaanza kufanya kazi yake. Alikuwa ni wa arobaini na tatu. Amefikaje thelathini na sita? Akaivuta ile orodha ya alama, akaweka karatasi mbili sambamba, akashuka na rula. Yalipungua majina saba. La kwanza lilikuwa la Resiato, binti Saitabau, wa kumi na tisa kati ya wote, wa pili katika biolojia. Wote saba walikuwa wamepelekwa Kidato cha Tatu C, mchepuo wa sanaa, darasa lisilo na mwalimu wa jiografia tangu Machi ya mwaka uliopita.

Chai iliyokuwa mezani ikapoa, ikaota utando juu. Yudith akaimwaga nje dirishani, akabandika orodha ubaoni kama alivyoagizwa, akaenda kunawa mikono, kisha akanawa tena.

Siku ya Jumatano akaja Saitabau mwenyewe pamoja na mkewe, Nasieku. Saitabau ni mtu mrefu, mkavu, mwenye umri unaokaribia sitini, na kutoka bomani kwake, ng'ambo ya Kilangali, walikuwa wametembea tangu alfajiri. Wakati mmoja hakutaka kabisa habari ya shule. Kisha ukaja ugonjwa ulioua ng'ombe zake kwa majuma matatu, na daktari wa mifugo akafika ikiwa zimebaki ngozi na ndama mmoja mgonjwa. Yule daktari alichukua tone la damu, akalitazama kwa darubini juu ya boneti ya gari, akataja jina la mdudu. Saitabau akaomba naye atazame. Alipoinua kichwa alisema kwamba katika nyumba yake lazima apatikane mtu mmoja wa kumwona mdudu huyo kabla hajaua. Resiato ndiye aliyechaguliwa, kwa sababu ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Yudith aliwaamkia shikamoo, nao wakaitikia. Goodluck hakusimama. Aliwaeleza, akiwa anapekua simu, kwamba mtoto hakupata sayansi kwa sababu mzazi hakujaza fomu. Saitabau akasema alijaza. Aliweka dole lake mbele ya mtoto. Goodluck akalitoa faili la kijani, akagusa swali la saba kwa kalamu.

"Hapa, mzee. Hapa hapasemi kitu. Watoto wangapi?"

Saitabau aliitazama ile kalamu, kisha akamtazama mwenye kalamu.

"Mwalimu," alisema taratibu, "wewe mama yako alikuhesabu, au alikuita?"

"Mzee, hayo ni ya nyumbani. Serikali inataka namba."

"Serikali ikija kwangu nitawaita watoto, wasimame, iwaone."

Goodluck akacheka, akasema muda umekwisha, fomu zilifungwa tarehe tano Desemba, na sanaa nayo ni elimu. Hata mawakili husoma sanaa. Nasieku alimwuliza mumewe jambo kwa lugha yao. Saitabau hakumtafsiria mtu yeyote. Wakaondoka wakipita mbele ya ubao wa matangazo, mahali ambapo jina la binti yao halikuwapo, nao hawakusimama kulitafuta.

Yudith alibaki akimkodolea Goodluck macho. Goodluck akausoma mtazamo ule vibaya, au pengine aliusoma sawasawa.

"Mama Anitha, usinitazame hivyo. Unadhani swali la saba lilijiandika lenyewe?"

"Uliliweka kusudi?"

"Nimeishi nao, nawajua. Hawahesabu. Sasa mimi nimkatae mtu? Sikumkataa mtu. Wamejikataa wenyewe, kwa dole gumba." Akaegemea kiti, akashusha sauti kama mtu anayegawa utamu. "Leo wapo, kesho wamefuata majani hadi Mikumi. Kiti cha maabara kikae kitupu? Na mwanao si yumo? Unataka nini tena, dada yangu?"

Wapo watu ambao wakitenda ubaya huona haya, na haya hiyo huwa ni kamba ya kuwavutia warudi. Huyu hakuona haya. Alikuwa anajisifu. Alikuwa ametumia heshima ya baba kwa wanawe kama mtu atumiavyo kipande cha nyama kwenye mtego wa panya, kisha akapaka juu yake neno "taratibu" ili usitoe harufu. Na kipande kingine cha nyama ileile alikuwa amekiweka kwenye sahani ya Yudith, naye alikuwa amekwisha kukimeza. Kinyaa alichokipata Yudith wakati ule hakikuwa cha mtu mmoja. Sauti ya yule mkuu wa zamani, ya kwamba watoto wa kambi huhama, ilikuwa imesema tena, kinywani mwa kijana mtanashati, na safari hii aliyeichapa ni yeye.

Alichukua fomu ya Resiato, akatoka mbio kwa namna isiyomfaa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, akawakuta wazee wale langoni, penye rundo la matofali ya bweni lisilokwisha.

"Baba, samahani," alisema akihema. "Namba sitaki. Nitajie majina tu."

Majina hayana ubaya, alisema Saitabau. Jina hutajwa kila siku, hata wakati wa kugombeza. Akaketi juu ya matofali, akaanza na nyumba ya mke mkubwa, akaja nyumba ya Nasieku. Alitaja bila haraka, na kila jina alilipa nafasi yake, kama mtu anayewapisha watu mlangoni. Mahali pamoja alinyamaza, Nasieku akainamisha macho, kisha mumewe akaendelea na anayefuata. Kisanduku cha swali la saba kilikuwa kimepimwa kwa ajili ya tarakimu mbili. Majina yalikijaza, yakatoka pembeni, yakazunguka ukingo wa karatasi mpaka juu.

Alipofika swali la nane, Saitabau akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hapo andika: wanatosha."

Yudith akaandika: Wanatosha.

Mkuu wa shule, Bibiana, ni mwanamke mnene mwenye kupenda amani, na amani kwake maana yake ni kutosikia. Aliisoma ile fomu, akaigeuza, akaitazama nyuma kama atakayeona huko njia ya kutokea. Alisema tarehe imepita. Yudith akasema wazazi tisa wakulima waliitwa kwa simu ya ofisi baada ya tarehe kupita, na aliyewapigia ni yeye. Bibiana akafunga macho kidogo, akasema bodi ya shule itakutana Jumamosi. Jambo hilo liwekwe mwishoni, kwenye mengineyo.

Ijumaa jioni Yudith alimweleza binti yake, wakiwa wanachambua mboga. Anitha alikuwa amekwisha kuletewa koti jeupe la maabara. Baba yake alilituma kutoka Mikumi kwa dereva wa lori, pamoja na ujumbe kwamba sasa nyumba itapata daktari. Msichana alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: kama mama angenyamaza, nani angejua? Yudith akajibu kwamba wangejua watu saba na baba zao. Anitha akasema hao hawahesabiki. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama watoto wasemavyo yale wanayoyasikia shuleni na nyumbani. Lakini Yudith aliacha mboga, akatoka nje, akasimama karibu na jiwe la kufulia.

Mumewe alipiga simu usiku uleule. Alimwambia kwamba mtu mzima hafungui chungu cha jirani kabla hajafunika chake, na kwamba kama ana uchungu na mkonge wa baba yake asimlipishe mtoto. Yudith alimsikiliza kwa heshima. Hakubishana, kwa sababu sehemu ya maneno hayo ilikuwa kweli.

Bodi ilikutana katika darasa la Kidato cha Nne. Mwenyekiti ni Mzee Lazaro, mkulima wa Zombo, mtu anayejulikana kwa sauti yake na kwa ekari zake. Miaka miwili iliyopita ng'ombe waliingia katika shamba lake la mahindi yaliyokuwa yakibeba, wakaliacha kama uwanja wa mpira, na tangu siku hiyo haupiti mkutano bila yeye kuusimulia mkasa huo. Katika bodi hakuna mfugaji hata mmoja. Yudith huketi pembeni na daftari la muhtasari. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kufungua kinywa humo ila kuuliza jina linaandikwaje.

Walijadili choo, walijadili uzio, walijadili mtihani wa majaribio. Ilipofika mengineyo, Goodluck alieleza kwa ufupi na kwa ufasaha kwamba mzazi mmoja amechelewa kurejesha fomu iliyokamilika. Mzee Lazaro akakunja uso.

"Ni wale wa ng'ombe? Wanafundisha ng'ombe zao kusoma mipaka lini, ndipo wadai maabara?"

Wakacheka. Bibiana naye akacheka, kwa kuwa amani ilitaka hivyo. Katikati ya kicheko Yudith alisimama, akaomba ruhusa ya kurekebisha jambo katika muhtasari.

Hakuhutubia. Alisoma. Alisoma majina thelathini na sita ya kwanza kwa alama zao, kama yalivyotoka kwenye upimaji, na alipofika kwa kila mmoja wa wale saba alisema, "Huyu hayumo." Halafu akafungua faili jingine, akatoa fomu ya msichana aitwaye Grace, akaiweka mbele ya mwenyekiti. Grace ni mjukuu wa Mzee Lazaro. Alikuwa wa ishirini na mbili, na kiti chake alikistahili. Lakini fomu yake ilirudi bila swali la tano, la saba wala la tisa, na majibu yaliyokuwamo sasa yaliandikwa kwa wino wa kijani.

"Mzee wangu, hapa nani anatumia kalamu ya kijani?" aliuliza Yudith.

Mfukoni mwa shati la Goodluck kalamu tatu zilikuwa zimepangwa kwa rangi zake.

"Mama," akasema Mzee Lazaro, na sauti yake ilikuwa imepungua ekari kadhaa, "wewe katika haya unatafuta nini?"

"Binti yangu ni Anitha. Kwa alama ni wa arobaini na tatu. Yeye naye yumo katika orodha, wala hakustahili. Fomu iliyowaondoa hao saba niliichapa mimi, na nilijua."

Watu wanaoona haya hutazama chini, hawa walitazamana. Yudith aliona kwa macho yake jinsi jambo safi linavyotiwa katika mikono michafu na kutoka likiwa na rangi ya mikono hiyo. Mzee Lazaro akaisukuma ile fomu ya mjukuu wake chini ya makaratasi mengine. Goodluck akanong'ona na Bibiana. Dakika tano hazikutimia, suluhisho likapatikana: mzazi aliyelalamika ni mmoja, basi atapewa nafasi mtoto mmoja. Resiato aingie sayansi. Kwa kuwa katibu muhtasi amekiri mwenyewe kuhusu mwanawe, Anitha atoke. Wale sita wengine hawakulalamika, kwa hiyo hawana shauri mbele ya bodi, watafikiriwa mwakani. Mwakani, katika kidato cha nne! Hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba mtu hawezi kuanza fizikia miezi kumi kabla ya mtihani wa taifa. Wote waliokuwamo walilijua hilo, na wajumbe wote waliinua mikono.

Goodluck aliwaza hata neno la kuandika katika muhtasari. Akamwelekeza Yudith, kwa adabu kamili, aandike kwamba bodi, kwa huruma yake, imempokea mtoto wa mfugaji aliyechelewa.

Kwa huruma yake. Jumatatu Yudith aliandika muhtasari kwa jinsi mambo yalivyokuwa: aliandika majina saba, alama saba, swali la saba na sababu yake, fomu ya Grace na wino wake, na hakuandika huruma popote. Bibiana alisoma, akasema hawezi kutia sahihi kitu kama hicho. Kesho yake muhtasari mwingine ulichapwa na mwalimu wa somo la kompyuta. Una makosa kumi na manne ya herufi, Yudith aliyahesabu. Ndani yake huruma imo mara mbili.

Nakala ya ule wa kwanza Yudith aliipeleka mwenyewe kwa ofisa elimu, akagongewa mhuri wa kupokelewa. Mpaka sasa amegongewa mhuri mara tatu, na hakuna jibu. Zile familia sita alizitafuta kwa pikipiki siku mbili za mwisho wa juma. Wanne aliwakuta, akawaeleza, nao wakaweka madole kwenye barua ya pamoja. Wawili walikuwa wamekwisha kuhamisha mifugo kuelekea Mikumi, na Goodluck aliposikia hivyo alisema, mbele ya walimu wote, kwamba yeye alitabiri.

Resiato alianza sayansi siku ya Alhamisi. Alikuja ofisini kumwamkia Yudith, akasimama mlangoni bila kujua aweke wapi mikono. Alisema baba anasalimu. Kisha akasema kwamba wenzake wa kwao hawamsemeshi, kwa sababu wanadhani baba yake alitoa ng'ombe ili aingie peke yake. Yudith alimwambia aende darasani.

Nyumbani, Anitha alikaa wiki mbili akimjibu mama yake kwa kichwa tu. Koti jeupe alilikunja, akalirudisha katika mfuko wake wa nailoni, akalipeleka kwa dereva yuleyule wa lori. Yudith hakumlazimisha kusema. Alipika, alifua, alikwenda kazini, akachapa orodha nyingine.

Siku ya Jumanne ya wiki ya tatu, Anitha alirudi kutoka shuleni, akaketi kwenye kizingiti na daftari la hesabu mapajani.

"Huko C nimewekwa dawati moja na mvulana anaitwa Sapit," alisema hatimaye, bila kumtazama mama yake. "Leo kanieleza vipeo kwa dakika kumi, mwalimu alishindwa mwezi mzima. Nikamwuliza, wewe huku unafanya nini? Akasema hajui, labda hakufaulu."

Yudith aliendelea kupepeta mchele.

"Alifaulu," alisema. "Ni mmoja wa wale saba, ila baba yake sikumkuta. Alipata themanini na tatu."

"Umejuaje?"

"Nilizichapa mimi."

Anitha alimtazama mama yake usoni kwa mara ya kwanza tangu Januari, na katika macho yale Yudith hakuona hasira aliyokuwa ameizoea. Aliona kinyaa. Aliweka ungo chini, akasogea kizingitini, akamwomba binti yake amwonyeshe hesabu ile alivyofundishwa na Sapit.